Mume Wangu Alisema Mimi Ndiye Niliyeita Radi

Nina umri wa miaka thelathini na mbili, Mluguru, mama wa mtoto mmoja. Ndugu wasomaji, naandika haya roho ikiniuma...

Niliolewa na Kostansi, mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Mlali. Walipokuja wataalamu wa kupima umeme ulio juu ya mawingu ya radi, yeye ndiye aliyewapokea kwa ngoma. Yeye ndiye aliyeniombea kazi kwao!

Kazi yangu ilikuwa kujaza gesi kwenye maputo makubwa. Tulifunga vipimo chini yake, na mawingu yakianza kujikusanya juu ya milima ya Uluguru, tuliyaachia maputo. Yalipanda hadi kuyapita mawingu yenyewe. Nilijivunia kazi ile, jamani!

Alasiri moja radi ilipiga shamba la kijiji watu wakipalilia mahindi. Ikamuua wifi yangu Anjelina, mdogo wake Kostansi. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Siku hiyo hatukurusha puto lolote. Gesi ilikuwa imekwisha, na Kostansi alijua! Lakini minong'ono ilianza hata kabla ya mazishi: maputo yamechokoza radi...

Mkutano ukaitishwa. Nilikaa mbele bila wasiwasi. Si mume wangu yupo?

Mzee mmoja akasimama. "Mwenyekiti, nani aliruhusu mambo haya?"

Kostansi hakunitazama. "Mwulizeni mke wangu, ndiye aliyeita radi. Mimi nilimkataza, akanishinda."

Nilizomewa na wanawake niliolima nao! Wengine walinitemea mate. Nilipomuuliza nyumbani kwa nini, alijibu huku akivua viatu, "Ningefanyaje? Watu walitaka mtu wa kumlaumu."

Wataalamu walifungasha vifaa vyao, wakaondoka. Yeye akabaki na uenyekiti wake. Mimi nikapanda mlima kurudi kwa mama yangu, nimembeba mwanangu Veronika mgongoni.

Dada zangu, msidanganywe na mume anayewasifu siku ya ngoma. Mchunguzeni kwanza siku ya lawama, hata iwe lawama ndogo, anasimama upande gani! Nanyi mnaokaa mikutanoni, ulizeni kabla ya kuzomea. Nawasihi...

Veronika sasa amekua, na maneno ya watu yamemfikia. Juzi mawingu yalipotanda nilimnyooshea mikono nimkumbatie. Akakimbilia nyuma ya bibi yake.

"Mama," akasema, "tafadhali usiiite."