Ulimi wa Ephrasia

Padre alinituma Nshamba kuchukua mishumaa ya kanisa, na nilipoanza kurudi Kagoma jua lilikuwa linazama. Miguu iliniuma. Ulikuwa mwaka wa nzige, nami nilikuwa nimetimiza miaka kumi na tisa ya ukatekista. Nilikuwa na ule uchovu usioondoka kwa kulala.

Jumapili kazi yangu ilikuwa kushika kisahani chini ya kidevu cha kila anayepokea Komunyo. Padre, macho yake mabovu, alitazama hostia. Mimi nilitazama ndimi. Wa Rwegasira ulikuwa mweupe kwa kiko. Wa mzee Byarugaba ulikuwa na mipasuko mirefu, kama udongo wa kiangazi. Wa Celina uligawanyika nchani. Na wa Klaudia, jirani yetu, ulikuwa na mabaka mekundu yenye ukingo mweupe, yaliyohama kila Jumapili. Katikati palikuwa na doa moja jeusi, na hilo halikuhama kamwe.

Klaudia alikufa wakati wa mvua. Tulipompelekea Komunyo ya mwisho alifumba mdomo, akatikisa kichwa huku machozi yakimtoka.

"Amekataa?" Padre aliniuliza.

Nilikuwa nimechoka, nataka kwenda kula. "Amekataa, Padre."

Tukamzika nje ya makaburi ya Wakristo, bila sala.

Basi jioni ile, nikipita kando ya kibanja cha Rugaibula, mwanamke alitoka kwenye migomba. Alijitanda kaniki hadi puani. Akaanza kutembea sambamba nami.

"Pole na safari, mwalimu waitu," alinisalimu kwa heshima.

Sauti niliwahi kuisikia, ila sikukumbuka wapi. Harufu ilikuja naye... lubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyochacha, na chini yake nyama iliyolala.

"Wewe unaona ndimi za watu wote," alinong'ona. "Upi mzuri kuliko zote?"

Nilicheka. Mtu aliyechoka hujibu lolote ili aachwe. "Wa mke wangu, Ephrasia. Mwekundu, laini, hauna hata kovu. Ila haupumziki! Tangu jogoo wa kwanza mpaka moto uzimike, unanisema mimi tu."

Hakucheka.

"Nyumba yenu si ile yenye mibuni miwili mlangoni?"

"Hiyohiyo."

"Huu wangu umechoka," alisema taratibu. "Umeanza kuoza."

Akashusha kaniki. Uso sikuujua. Akatoa ulimi.

Mabaka mekundu. Ukingo mweupe.

Na katikati... doa jeusi.

Mishumaa ilinianguka. Nilipoinua macho hakuwepo. Upepo haukuwepo pia, lakini migomba ilikuwa inatikisika, mmoja baada ya mwingine, kuelekea Kagoma.

Hapo nikaelewa. Klaudia hakukataa. Hakuwa na ulimi wa kupokelea.

Nilikimbia kwa miguu ile ile mibovu, nikilia kama mtoto. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mwenzangu.

Mlango ulikuwa wazi. Chungu cha ndizi kilitokota. Ephrasia alikuwa ameketi mkekani, mzima, bila tone la damu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikangoja anikaripie kwa kuchelewa.

Kimya.

Ndani ya nyumba mlinuka lubisi iliyochacha.

"Ephrasia... fumbua mdomo."

Alitikisa kichwa. Akabana midomo, na machozi yakaanza kumtoka.

Jumapili alipiga magoti mbele yetu, mdomo umefumbwa.

"Amekataa?" Padre alinong'ona.

"Hapana, Padre. Anaumwa." Kisha nikasema, "Na Klaudia naye hakukataa."

Padre akasogea kwa Celina.

Huu ni mwaka wa tatu. Klaudia bado amelala nje ya makaburi. Neno langu la kwanza lilimtosha Padre, la pili halikumtosha. Ephrasia anapika, anapalilia kahawa, anafua. Sijamlazimisha kufumbua mdomo. Naogopa nitakachokiona, au nisichokiona. Nilichoshwa na maneno yake miaka yote ile, na sasa namkosa huku amekaa mbele yangu.

Kila jua linapozama tunafunga mlango, tunakaa karibu na moto. Ndipo sauti inaanza kule nje, migombani. Ni ya Ephrasia. Laini, yenye hasira kidogo, vilevile nilivyoizoea.

"Ildefons, umechelewa tena. Chakula kinapoa. Njoo."

Ephrasia hunishika mkono kwa nguvu zake zote mpaka sauti ikome. Bila mkono huo ningekwisha kutoka siku nyingi, Mungu anisamehe.

Jana aliushika kama kawaida. Lakini naye amechoka, na sauti ilikuwa bado inaita mkono wake ulipolegea. Ilipokoma, nilikuwa nimekwisha kushika komeo.