Samaki Walioshikana Kwenye Friza

Kila jioni majirani wa Mpumudde, mjini Jinja, walisikia kishindo. Pu, pu, pu. Hapo walijua kwamba Gorreti anataka kupika samaki. Alikuwa anapigiza donge la samaki lililoganda kwenye ngazi ya saruji, mbele ya mlango wake.

Gorreti alikuwa mke wa Otim, askari wa magereza. Wengi walimwita Mama Jude, kwa jina la mtoto wao. Alikuwa na friza kuukuu, naye aliionea fahari kweli kweli. Kila Jumamosi alikwenda kwenye mwalo wa Masese, wavuvi wanakoshusha samaki, kununua sangara mzima. Alimkata vipande, akaviosha, akavitia vyote katika mfuko mmoja wa plastiki huku vikichuruzika maji. Kisha akaufungia ndani ya friza.

Kesho yake vipande vilikuwa vimeshikana, vimekuwa kitu kimoja kigumu. Ngazi ikishindwa kulivunja donge, Gorreti alilitumbukiza kwenye beseni la maji. Likilainika, alitoa vipande vichache, vingine akavirudisha kwenye friza. Ikifika katikati ya wiki samaki walikuwa wamelegea, na harufu yao haikufichika kwa vitunguu wala pilipili.

Otim hakulalamika. Alionja kidogo, akasukuma sahani, akasema, "Leo sina njaa."

Gorreti angemwamini, lakini mtaa haukosi mdaku. Jirani yake Norah alimnong'oneza, "Mama Jude, mimi sipendi maneno. Lakini afande yako nimeona kwa Hajarah. Anakula samaki, anacheka."

Wivu ulimwingia Gorreti. Hajarah alikuwa mjane, muuza samaki wa kukaanga pale kona. Alikuwa mcheshi, na kibanda chake kilikuwa safi daima. Tena naye alikuwa na friza.

Tangu siku hiyo Gorreti hakutulia. Akifua shati la Otim, alilinusa kwanza, akasikia harufu ya mafuta ya kukaangia. Hajarah akimsalimu njiani, alimjibu kwa kukunja uso. Moyoni alisema, "Huyu mwanamke ananinyang'anya mume kwa samaki."

Jumapili moja alirudi kutoka kanisani, akakuta friza tupu. Otim alikuwa ameketi barazani, anapiga viatu rangi.

"Baba Jude, samaki iko wapi?"

Otim hakuinua macho. "Nimepeleka kwa Hajarah."

"Samaki yangu? Kwa Hajarah?"

"Enda, utaona mwenyewe."

Gorreti alikaza kitenge kiunoni, akatoka mbio mbio. Alimkuta Hajarah kibandani, na lile donge lake liko mezani, mbele ya watu.

"Rudisha samaki yangu," alisema Gorreti. "Na bwana yangu pia, rudisha."

Wateja waligeuka kutazama. Hajarah alifuta mikono, akamvutia kiti.

"Kaa chini, nyabo, mama. Bwana yako mimi sina. Yeye anakuja, anakula, analipa, anaenda. Leo ameleta hii samaki, anasema, 'Tafadhali fundisha Mama Jude, mimi naogopa kumwambia.'"

Gorreti alitaka kupandisha hasira, lakini aibu ilimwahi. Otim, anayewaamrisha wafungwa siku nzima, anamwogopa yeye? Akaketi.

Hajarah alitoa mfuko kwenye friza yake. Vipande viligongana ndani kama kokoto. Akachukua kimoja tu, vingine vikabaki kila kimoja peke yake. Gorreti alivitazama kwa kijicho.

"Wewe unaweka dawa gani?"

"Hakuna dawa. Mimi pia zamani nilikuwa navunja na nyundo. Dada yangu anakaa Nabuyonga, kule Mbale, ndiye alinifundisha. Angalia."

Alikuwa na vipande vibichi alivyokwisha kuviosha. Akavikausha kimoja kimoja kwa kitambaa safi.

"Ile maji ndiyo inashikanisha," alieleza. "Ikiganda, inakuwa kama gundi."

Akatandika plastiki safi juu ya sinia, akavipanga vipande.

"Mbona umeacha nafasi?" Gorreti aliuliza.

"Zikigusana, zitashikana. Wacha nafasi ya kidole. Halafu ingiza sinia kwa friza. Kesho, zikiwa ngumu kabisa, ndiyo unaweka zote kwa kavera moja, mfuko kama huu. Toa hewa, funga, rudisha upesi kabla hazijalainika. Ukitaka mbili, unatoa mbili."

"Na hii yangu?"

"Hii bado ni ngumu. Ikishalainika, pika yote, usirudishe. Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu. Ukilainisha samaki kwa beseni, vinaamka, vinazaana. Ukirudisha, unaficha ugonjwa kwa friza."

Gorreti alikumbuka tumbo la Jude lililouma wiki iliyopita. Siku hiyo alipika samaki wote, akawagawia majirani, hata Norah mdaku.

Jumamosi iliyofuata alinunua sangara mwingine. Wivu ulikuwa haujamtoka, na safari hii ulimsaidia. Alikausha kila kipande mara mbili, ili asishindwe na Hajarah. Akavipanga kwenye sinia, akavigandisha, kesho yake akavitia mfukoni.

Jumatano majirani hawakusikia kishindo chochote. Gorreti alitoa vipande vitatu, cha baba, cha mama na cha mtoto. Vilivyobaki havikuguswa na maji wala joto. Akavikaanga vile vitatu, vikakauka vizuri, nyama ikiwa nyeupe na imara.

Otim alikula kwa hamu. Alilamba vidole, akachungulia sufuria.

"Mama Jude," alisema, "hii samaki sasa iko sawa na ya Hajarah."

Gorreti aliweka mwiko chini. "Hii samaki ni ya nani?"

Otim aliacha kutafuna. "Ya Gorreti."

"Haya. Ngoja nikuongeze," alisema Gorreti, akaenda kufungua friza, atoe kipande kimoja tu.