Daftari Halitoki

Kitabu kilirudi Jumanne saa sita mchana, kimelowa chapachapa, na wiki nzima mji wa Nchelenge, ufukoni mwa ziwa, haukuwa umeona hata tone la mvua. Ngalula alikikuta ndani ya sanduku la bati lililo mlangoni, pale wasomaji wanapodumbukiza vitabu wakiwa na haraka. Kilikuwa mwongozo wa kutengeneza mashine za boti. Jalada lilikuwa limevimba, na kurasa zilinuka matope ya chini kabisa, yale ambayo nyavu huyapandisha pamoja na vitu vilivyooza. Mtu mwingine angeshtuka. Ngalula alifurahi, maana aliona kozi yake imeanza kuzaa matunda.

Kozi yenyewe ilikuwa ya usimamizi wa maktaba, inafundishwa kwa simu kutoka Lusaka. Ngalula alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa chumvi kutoka Kongo, aliyelelewa upande huu wa ziwa, ila si Nchelenge, ambako alikuwa mgeni. Alipewa maktaba ya jamii kwa sababu alisoma lugha tatu, na pia kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Kupanga vitabu alijua. Kusimamia ndiko kulikompiga chenga: kuongoza kikao bila kuburuzwa, kufanya uamuzi na kuusimamia, kutunza siri ya msomaji. Somo la nne lilihusu vitabu vilivyochelewa. Kila mwanafunzi alitakiwa kubuni njia ya kuwakumbusha wasomaji, njia inayofaa mahali pake. Ngalula, kwa bidii ya mwanafunzi mpya, aliazima kipaza sauti cha soko la samaki, akasimama ufukoni Jumamosi asubuhi, akayasoma majina yote ya waliochelewa, kila jina mara tatu.

Alipofika kwenye jina la Lloyd Mwape soko lilinyamaza. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliacha mikono hewani. Yeye alidhani wanamsikiliza vizuri, akaongeza sauti.

Sasa Jumanne hiyo, alasiri, akakiweka kitabu juani kikauke. Memory, dada yake Lloyd, alikuwa kwenye meza ya kona akisomea mtihani wa uuguzi, kama kila siku. Aliinuka kuchukua kalamu, akakiona, akabaki amesimama.

"Ba Ngalula," alisema kwa sauti ndogo, kwa lile "Ba" la heshima la pale, "nani alileta hii?"

"Sikumuona. Alitia mu sanduku, akaenda."

"Hii buku ilikuwa naye mu boti. Siku ile alizama."

Ndipo Ngalula alipoelezwa lile ambalo ufuko mzima ulilijua isipokuwa yeye. Lloyd alizama miaka miwili iliyopita akitoka Mununga, na mwili wake haukuonekana. Na pale ziwani, mtu ambaye maji hayajamrudisha, jina lake haliitwi karibu na maji mpaka ndugu mmoja arithishwe kwa kunyweshwa maji, alibebe mwilini mwake kama mtu mzima anavyobeba lake. Jina lisilo na mwenyewe likiitwa, hapakosi kitu cha kuitika. Familia ilitaka kulirithisha tangu mwaka wa kwanza, lakini mama yao, Mama Olipa, aligoma. Kurithisha jina ni kukubali kwamba mtoto amekufa, na yeye alikuwa akiwaambia watu mwanawe yuko Kongo anatafuta maisha. Kwa hiyo jina likabaki linaning'inia, na kadi ikabaki kwenye droo ya maktaba kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kadi ya marehemu inahitaji kufutwa.

Mchuma janga hula na wa kwao. Jumatano kiti cha meza ya kona kilikutwa kimelowa, na hakikukauka kutwa nzima ingawa jua lilikipiga. Alhamisi, saa sita ileile, wasomaji sita walisikia mtu akitembea kati ya rafu kwa nyayo zinazodondosha maji, na hapakuwa na mtu. Kufika Ijumaa waliokuwa wakija kusoma habari za vibali vya mpakani na dawa za mihogo walikuwa wamehama wote, na juu ya meza ya Ngalula kulikuwa na karatasi ya kuomba kitabu, imeandikwa kwa maji ya matope, herufi zikitambaa: Buku ya majina.

Daftari la wasomaji, kwa maneno mengine. Majina mia nne na zaidi, watoto kwa wazee, na vijiji vyao mpaka Kafutuma.

Mchana huohuo Memory alisinzia kwenye meza yake, maana ni yeye peke yake aliyebaki, kwa ukaidi, akisema hapo alikaa kaka yake na yeye hatafukuzwa. Ngalula aligeuka kupanga rafu, na aliporudi kiti kilikuwa kitupu. Alimkuta ndani ya ziwa, hatua chache kutoka mlangoni, maji yamefika kifuani, macho wazi, akienda taratibu kama aliyetumwa dukani. Alimvuta kwa nywele, mkono, nguo, chochote alichoshika. Memory alipozinduka alisema kaka yake alikuwa akimwita, naye alikuwa akiitika tu.

Mwenyekiti wa kamati ya maktaba, Bwana Mubanga, alimleta mganga kutoka ng'ambo ya ziwa, mzee mnene aliyeitwa Octave. Octave alifika mlangoni, akanusa, akakataa kuvuka kizingiti.

"Ile haiko ule mutu alikufa," alisema. "Ni jini ya maji. Ilikuta jina haina mwenyewe, ikaivaa, sawa vile mutu anaokota koti mu njia. Sasa inatafuta zingine. Mwenye inajua jina yake, inamuita. Mwenye anaitika, anakwenda."

Ngalula alimuuliza litatokaje. Octave alijibu kwamba liliitwa na Ngalula mwenyewe, basi ni yeye wa kulitoa, na kwamba boti yake inaondoka saa tisa. Aliondoka nayo. Mganga mwenye busara hujua kwamba dawa nyingine ni miguu yake.

Mubanga hakuwa na maneno mengi. Kwa maoni yake jini lipewe daftari, mlango ufungwe kwa kufuli, chumba kiwe ghala la barafu kama wenye samaki walivyoomba tangu zamani, na kila mtu akubali yaishe. Ngalula alihisi hasira ikimpanda kutoka magotini. Hofu alikuwa nayo, tena nyingi, usiku hakulala. Lakini lile daftari watu waliandika majina yao wakimwamini yeye, wengine kwa mara ya kwanza maishani walishika kalamu kwa ajili ya kujiandika humo.

"Ba Mubanga, munitoe mu kazi kama munataka," alimwambia. "Daftari halitoke. Haliende kwenu, haliende kwa ule."

Mubanga alisema atarudi Jumatatu na kufuli. Ngalula hakumsindikiza. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Olipa, akakaa chini kwenye mkeka wa mama yule, akaomba radhi kwa kulitaja jina la mwanawe sokoni. Kisha akamwambia la Memory na maji ya kifuani. Mama Olipa alikuwa akipepeta mahindi, na hakuacha kupepeta mpaka ungo ulipokuwa hauna kitu, kisha akauliza lile jini huja saa ngapi.

Jumatatu saa tano na nusu walikuwa ndani ya maktaba watatu: Ngalula mezani pake na daftari limefungwa kifuani kwa kitenge kama anavyofungwa mtoto mgongoni, Mama Olipa na Memory kwenye mkeka, na kikombe cha maji kati yao. Mlango ulikuwa wazi. Ziwa lilikuwa limetulia, jua utosini, watu sokoni wakiongea kwa mbali.

Harufu ilitangulia. Halafu nyayo, chap, chap, kutoka rafu ya nyuma, na kila rafu nyayo zilipoipita, migongo ya vitabu ilivimba na kupasuka gundi, kimoja baada ya kingine, na sauti za sokoni zikafifia mpaka Ngalula akasikia damu yake mwenyewe masikioni, na akataka kukimbia, wallahi alitaka, miguu tayari ilikuwa imejipanga chini ya meza, na nyayo zikazidi kuja bila haraka, na alipothubutu kuinua macho kiti cha kona kilikuwa na mtu, mwanamume mwenye shati la bluu lililomgandia mgongoni, ameelekea ukutani, na maji yakimtoka mikononi yakimwagika sakafuni, yakimwagika tu bila kuisha, na sakafu isilowe.

"Nilirudisha buku," lilisema, na sauti haikutoka pale kitini, ilitoka chini ya saruji. "Munipatie ile ya majina."

"Hapana," alisema Ngalula. Sauti yake ilitetemeka. Alirudia mpaka ikaacha kutetemeka.

Lile likageuza kichwa kidogo, upande wa mkeka.

"Mama. Ni miye Lloyd. Unanikatala na miye nimerudi?"

Mama Olipa alifumba macho, na uso wake ulikuwa na kitu kibaya kuliko hofu, ulikuwa na furaha. Miaka miwili alikuwa ameingojea sauti ile. Ngalula alimwona akiinua mkono kuielekea, akajua kwamba mama akiitika wamekwisha wote, na akajua pia kwamba hana haki ya kumziba mdomo. Kozi haikufundisha hilo. Alingoja.

Mkono ulishuka, ukashika kikombe.

"Sauti ni yake," Mama Olipa alisema polepole. "Mungu anaona, ni yake. Lakini mutoto wangu alikufa. Lloyd alikufa, ziwa ilimukula siku ile ile, na miye nilikatala juu ya uchungu." Alilia waziwazi, bila kujificha, kisha akamnywesha Memory maji. "Jina yake ninamupa huyu. Lloyd ni weye, mutoto wangu. Uibebe."

"Ninaibeba," alisema Memory.

Ngalula aliichukua kadi ya zamani, akaandika juu yake kwamba mwenyewe amefariki na jina limerithiwa, akapiga muhuri kwa nguvu hata wino ukaruka. Kisha akasimama.

"Mwenye jina yuko hapa," alisema. "Weye uko nani?"

Kitini palikuwa na shati, halafu pakawa na shati lisilo na mabega, halafu matope tu yenye umbo la mtu aliyekaa.

"Hauna jina, hauna kadi. Mutu bila kadi hasome hapa. Toka."

Liliondoka. Lilipita karibu naye hata kitenge kikapata ubaridi, likatoka mlangoni, na jua likaingia pale lilipokuwa.

Nje alikuwa amesimama Mwenyekiti Mubanga na kufuli lake mkononi. Maskini, hakuwa ameona kitu. Daftari lilikuwa salama, majina yote mia nne na zaidi yalikuwa salama, lakini jina moja lilikuwa limeandikwa nje kabisa, kwenye kibao cha maktaba, kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko neno maktaba lenyewe, kwa amri ya mwenyekiti mwenyewe.

"Mubanga," sauti iliita kutoka majini, na ilikuwa sauti ya marehemu mkewe, nyororo, ya kumwita mtu mezani. Mwenyekiti alitabasamu. Akafungua mdomo.

Ngalula alimfikia kwa hatua mbili, akambandika kiganja mdomoni, mwenyekiti mzima na suti yake, akamburuta ndani. Kufuli lilianguka mchangani. Alimkalisha kwenye meza ya kona, karibu na Memory, akamtia mikononi kitabu cha kwanza alichokigusa.

"Soma, Ba Mubanga. Usiitike. Soma tu."

Mlango hakuufunga, maana ilikuwa bado saa za kazi. Mpaka jioni sauti iliendelea kuita kule nje, bila kuchoka, kwa upendo, na mwenyekiti, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kufungua kitabu hata kimoja cha maktaba yake, alisoma ukurasa baada ya ukurasa huku machozi yakimtiririka, asiinue kichwa.