Thérèse Hajaulizwa

Samaki wa chumvi hulowekwa siku mbili kabla ya kupikwa, na matanga ya Thérèse yalikuwa yaondolewe Jumamosi. Kwa hiyo Alhamisi ile ya Novemba 2019, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, Brussels ikiwa imeshaingia giza na mvua nyembamba isiyo na sauti, Kalenga alifunga koti hadi kidevuni, akaitoa trotineti koridoni, akaenda sokoni Matonge, mtaa wa Waafrika.

Trotineti ni ile skuta ya umeme ya kusimama, yenye ubao mmoja na magurudumu mawili. Mwaka ule zilikuwa zimezagaa mjini kama panzi. Nyingi zilikuwa za kukodi kwa simu, lakini hii ilikuwa mali ya mke wa Kalenga, Thérèse mwenyewe. Aliinunua kwa sababu umeme wa kuichaji usiku kucha haukufikia bei ya tiketi moja ya tramu, naye kila asubuhi alisafisha ofisi tatu katika mitaa mitatu. Kalenga, mpima ardhi aliyesomea Lubumbashi na ambaye sasa alitunza ramani katika ofisi moja ya serikali, alikuwa akimwambia kwamba mama mzima hasimami juu ya ubao.

"We pima tu," Thérèse alikuwa akimjibu. "Mi naenda."

Mwezi wa pili gari lilimgonga Chaussée d'Ixelles. Dereva hakusimama. Polisi waliandika ripoti, wakamwonyesha mume picha za kamera iliyokuwa ikitazama upande mwingine, wakamrudishia trotineti yenye usukani uliopinda. Kalenga aliunyoosha kwa mikono yake, na tangu siku hiyo alikuwa akiipanda yeye. Hakumweleza mtu sababu. Pale mkewe alipokuwa akiweka mguu wa kushoto, mpira wa ubao ulikuwa umelika. Alikuwa akiweka mguu wake hapohapo.

Duka la Maman Mauwa lilikuwa hatua chache kutoka Porte de Namur, na harufu yake ilikutangulia barabarani. Mauwa alikuwa rafiki wa Thérèse tangu Lubumbashi. Alimfungia samaki katika magazeti mawili, kisha hakumpa.

"Papa Kalenga. Kesho kutwa tunatosha matanga, yaishe. Halafu?"

"Halafu nini, Maman?"

"Thérèse hakuna muntu alimuuliza."

Kalenga alijua maana yake. Kule kwao, aliyekufa kifo cha mkono wa mtu hubebwa begani, na kabla ya kaburi huulizwa: nani? Jeneza huvuta. Husogea mbele, hurudi, hukataa njia, hulazimisha nyingine, na wabebaji hulifuata mpaka mlango wa mwenye kosa. Lakini Thérèse alirudi nyumbani ndani ya sanduku la zinki lililozibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, tumboni mwa ndege, kama mzigo mwingine wowote. Uwanja wa ndege walimpakia kwenye lori. Mvua ilikuwa inakuja. Kutoka lori hadi kaburini. Hakuna bega lililomgusa.

"Na matanga ikiisha, njo basi," Mauwa alisema kwa sauti ya chini. "Haulizwake tena. Ule alimuua atakula samaki yetu, atajipanguza kinywa."

"Maman, watu wanne wakiweka kitu kizito begani, kila mmoja anavuta kidogo bila kujua. Ni fizikia."

"Eeh. Fizikia." Mauwa alimkabidhi samaki. "Ile fizikia ilimuvuta tonton yangu, ndugu ya mama, mpaka ku mulango ya jirani yake. Rudi mbio, Papa, mvua inaongezeka."

Alitundika mfuko kwenye usukani. Kwenye taa za Porte de Namur alisimama, mguu mmoja chini, akingoja rangi ibadilike. Mabasi yalipita. Maji yalimtiririka shingoni. Miezi tisa alikuwa amelitunza neno moja kifuani kama mtu anavyotunza kaa la moto chini ya jivu. Hakutaka haki, haki ni neno la ofisini. Alitaka jina. Alitaka mtu mwenye uso, ili amchukie kwa usahihi.

Taa ikawa ya kijani. Akakanyaga ubao kwa miguu yote miwili, na bila kukusudia alisema kwa sauti:

"Basi, Thérèse. Nani?"

Ubao ulishuka.

Si kwa shimo wala kwa jiwe. Ulishuka polepole, kwa nyuma, kama unavyoshuka mtu wa pili anapopanda. Injini ililia chini kidogo, ikielemewa. Kisha ikaja harufu... javeli kwanza, ile ya kusafishia sakafu. Halafu, chini ya javeli, mafuta ya nazi.

Kalenga hakugeuka. Alijiambia kwamba matairi yamepungua upepo.

Kando ya barabara, mwanamke mmoja aliyebeba miavuli miwili alimnyooshea kidole akicheka.

"Eh, papa! Batu babili juu ya trottinette moja! Na maman anakukamata kiuno, kama bachumba! Police atabakamata!"

Kalenga alikuwa peke yake.

Alitaka kukata kushoto, ashuke kuelekea Saint-Josse, nyumbani. Usukani ulikataa. Haukukwama, ulikataa, kama mkono wa mtu mzima unavyokataa kushikwa. Aliondoa kidole gumba kwenye kichochezi cha mwendo. Trotineti iliendelea. Alibana breki. Ilisimama, ikarudi nyuma hatua mbili, ikasogea mbele, ikarudi tena... Mabega yake yakaujua mwendo huo kabla ya akili yake. Akiwa kijana, huko Kamalondo, mtaani Lubumbashi, aliwahi kubeba jeneza la mwalimu wake. Lilisogea hivihivi.

Fizikia, alijiambia. Meno yalikuwa yanagongana.

Iliingia Chaussée d'Ixelles, katikati ya watu na vioo vya maduka. Taa ya betri ilipepesa nyekundu, ikazima. Trotineti haikupunguza mwendo. Walipofika pale alipogongwa, mbele ya duka la viatu, penye alama ya chaki ambayo mvua ya miezi tisa ilishaifuta, mzigo mgongoni mwake ulitetemeka mara moja.

Kisha ukavuta kwa nguvu.

Kulia. Tena kulia. Mtaa mwembamba usio na duka. Gereji yenye mlango mzito wa chuma, na mstari wa mwanga chini yake. Gurudumu la mbele liligonga chuma.

Ngo.

Lilirudi nyuma.

Ngo... Ngo.

Mlango uliinuliwa kwa mnyororo, nusu. Aliyechungulia alikuwa Kabeya.

Kabeya, binamu wa Thérèse, aliyesambaza magunia ya unga kwa maduka ya Matonge katika gari lake jeupe. Kabeya aliyezunguka kanisani na kapu la mchango wa ndege. Kabeya aliyelia msibani mpaka wanaume wawili wakamtoa nje kwa kumshika kwapa.

"Kalenga? Mungu wangu, niliwaza ni police." Alicheka kidogo. "Ingia, bwana. Mvua hii itakuua."

Kalenga hakuingia. Gurudumu ndilo lililoingia, kadiri ya hatua tatu, likimvuta mikono, likaenda kugusa pua ya gari. Hapo likatulia kabisa. Kalenga alitazama lilipogusa. Macho yake yalikuwa yamezoea tofauti ndogo. Taa ya kushoto ilikuwa ya manjano, imechubuka, ya zamani kama gari lenyewe. Ya kulia iling'aa kama glasi ya arusi.

"Taa hii ni mpya," alisema.

"Bon... ma-pièces za occasion, vipuri vya mitumba, unajua. Ilipasuka ku parking."

"Mwezi gani?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye koti la Kalenga, tone moja, tone moja. Kabeya aliiangalia trotineti. Ndipo alipoitambua. Kalenga aliuona uso wake ukiishiwa damu kuanzia paji.

"Février. Mwezi wa pili," Kabeya alinong'ona.

"Sema yote."

"Sikumuona. Ya kweli, yaya, kaka yangu, mvua ilikuwa kama leo. Nilisikia tu kintu. Nilisimama. Nilifungua kioo." Aliuegemea ubavu wa gari. "Permis yangu ya kuendesha banaikamata tangu Noeli. Documents yangu ya kukaa huku iko mu tribunal. Donc niliwaza, nikishuka, batanipandisha ndege ya kunirudisha kwetu. Batu ni bengi hapa, ambulance itakuja..."

"Yeye alikuwa anaona?"

"Kalenga, tafazali."

"Alikuona?"

Kabeya alifunika kinywa kwa kiganja. Maneno yalipita kati ya vidole.

"Aliniita. Alisema, 'Kabeya, usiniache.' Vile tu. Hakulia."

Ripoti ya daktari Kalenga aliijua kwa moyo. Ilisema kwamba baada ya kugongwa mwanamke yule aliishi dakika ishirini na tano.

Usukani ulianza kutetemeka viganjani mwake. Betri ilikuwa imekufa, hakuna taa hata moja iliyowaka, na bado chini ya miguu yake injini ililia, nyembamba, kama mbu ndani ya sikio. Kalenga alishuka ubaoni. Ubao haukuinuka. Ulibaki chini, umeelemewa na aliyebaki juu yake.

Alikuwa na nguvu za kutosha kuizuia. Hili halina shaka, na baadaye hakujidanganya kuhusu hilo. Wabebaji husema jeneza huwashinda. Yeye hakushindwa na chochote. Alimtazama Kabeya machoni. Alifungua kidole kimoja. Kisha kingine. Alitoa mfuko wa samaki kwenye usukani, kwa uangalifu, ili usichanike.

Akaachia, akatoka kinyumenyume hadi mvuani.

Mnyororo ulikatika wenyewe au uliachiliwa, hakujua. Mlango wa chuma ulishuka mbele ya pua yake. Ndani kulikuwa na sauti ya gurudumu juu ya saruji. Lilikwenda polepole, likafika mahali, likapanda juu ya kitu laini, likashuka upande wa pili. Likageuka. Likarudi.

"Kalenga! Yaya! Mutoshe hapa! Muondoe!"

Likageuka.

"Kalenga... usiniache..."

Kalenga alisimama mvuani, mfuko wa samaki mkononi, akatazama saa yake. Watu wawili walipita wakiongea Kiflemi, wakamwamkia, akawaitikia. Ilipotimia dakika ya ishirini na tano, si kabla, alitoa simu akaita ambulansi. Alitaja mtaa na namba ya mlango kwa ufasaha.

Wazima moto ndio waliovunja. Kalenga aliwatazama kutoka ng'ambo ya mtaa. Kufuli lilikuwa limefungwa kwa ndani. Kabeya alikuwa hai, ameketi ameegemea gari, mikono imekumbatia magoti. Hakukuwa na damu. Hakukuwa na mfupa uliovunjika. Madaktari walisema ni kiharusi, wakashindwa kueleza kwa nini miguu yote miwili haisogei na kwa nini kila ikipita trotineti chini ya dirisha la hospitali mgonjwa anajikojolea. Ulimi wake haukurudi. Macho yalirudi, na yaliona kila kitu.

Trotineti haikukutwa gerejini. Kalenga alirudi nyumbani kwa miguu, akaikuta koridoni, imeegemea ukuta mahali pake. Matairi yalikuwa makavu.

Jumamosi watu walijaa. Waliimba, walivua nguo nyeusi, walikula. Kalenga alimfuata Maman Mauwa jikoni, akamweleza yote kwa mpangilio, bila kuongeza wala kupunguza. Mauwa alisikiliza huku akisonga ugali. Kalenga alipomaliza, mwiko ulisimama.

"Nani alimubeba?"

"Mimi."

"We peke yako?"

"Mimi peke yangu."

"Papa..." Aliufunga mlango wa jikoni kwa kisigino. "Bwana habebaki bibi yake. Hapana hata siku moja. Wanabebaka batu ya inje, batu yenye hana nabo kintu, ili akimaliza kazi, ashuke. Ule anapenda, hatashuka kwa bega yake. Atasema: twende tena. Na kila siku atakuonyesha mulango. Leo wa mwenye kosa. Kesho wa mwenye aliona akanyamaza. Kesho kutwa wa mwenye alimusalimia mubaya. Ya mwisho haina."

"Anashushwa namna gani?"

"Ni maneno tu. We njo ulimupandisha, we mwenyewe utamushusha. Umuambie: imetosha, mama, shuka. Leo, kabla batu hawajatawanyika. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Utamuambia?"

"Nitamwambia, Maman."

Alishuka ngazi. Nyuma yake wimbo ulikuwa mkubwa, miguu ya watu ikitikisa sakafu, na kadiri alivyoshuka ulizidi kuwa mdogo, mpaka koridoni hapakubaki wimbo. Palikuwa na baridi, na harufu ya javeli.

Alisimama mbele ya trotineti. Maneno yalikuwa machache na aliyajua. Alifungua kinywa.

Miezi tisa kitandani alikuwa amelala upande mmoja, akimwachia nafasi. Miezi tisa hakuna aliyemgusa ila vinyozi na watu wa kutoa pole. Juzi, kutoka Porte de Namur mpaka gerejini, kulikuwa na uzito mgongoni mwake. Mwanamke mwenye miavuli miwili alisema alishikwa kiuno.

Alikanyaga ubao. Aliusikia ukishuka nyuma yake, polepole, kama mtu aliyekuwa akingoja tu kukaribishwa. Mafuta ya nazi yakamjia hadi kooni. Kitu chepesi, baridi, kilimzunguka tumbo, mkono mmoja, halafu wa pili.

Kalenga alifumba macho. Alikumbuka kwamba mbele ya duka la viatu, siku ile, watu walikuwa wengi. Kabeya alisema hivyo mwenyewe. Wengi.

"Mke wangu," alinong'ona, na sauti yake ilikuwa tulivu, karibu ya furaha. "Tuanze na yupi?"

Usukani uligeuka kuelekea mlangoni.