Bibi wa Ukutani

Picha ilikuwa imetoweka, na juu ya msumari wake ilikuwa imeshatundikwa nyingine.

Inspekta Yaslam alisimama katikati ya majlisi, sebule ya wageni, katika jumba moja la Al-Hamra, Jeddah, akiutazama ubao mpya wa maandishi ya dhahabu. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Aliyeita polisi ni mwenye nyumba, aliyekuwa kikazi Riyadh na kupewa habari na mkewe. Alikuwa amepiga simu akilia kama mtoto, maana iliyoibwa ni picha ya marehemu mama yake, katika fremu ya fedha.

"Nani aliiona mara ya mwisho?"

"Mimi, jana alasiri," alijibu mkewe, Madam Nuha. "Na mwizi ninaye. Yuko jikoni."

"Umemwona akiiba?"

"Kwani lazima nimwone? Hawa weusi ndiyo zao. Ndiyo maana siwaruhusu kukanyaga majlisi yangu. Huingia Lydia tu, yule Mfilipino, na funguo nakaa nazo mimi."

Aliyasema hayo macho makavu, mbele ya Yaslam, ambaye naye ni mweusi tii. Yaslam aliandika.

Babu yake Yaslam alikuwa Mhadhrami wa Yemeni, na bibi yake mzaliwa wa Lamu. Kiswahili alikinyonya kwa bibi huyo tangu hajaota meno. Kazini hakuna aliyejua. Rangi hakuwa na pa kuificha, lakini lugha aliifungia moyoni miaka yote, asije akaitwa majina ya dharau.

Mshukiwa aliitwa Fridah, mzaliwa wa Meru, Kenya, mwenye miezi minne tu katika kazi za ndani. Alipekuliwa yeye, kitanda chake na begi lake, hakikuonekana kitu. Akapelekwa kituoni vivyo hivyo. Sajini Mishal, mtu wa Riyadh, alikaa pembeni kuandika maelezo. Mahojiano yalikwenda kwa Kiingereza cha kuungaunga.

"Fremu iko wapi?"

"Sijachukua, afande."

"Uliingia majlisi saa ngapi?"

"Siingiagi. Madam hataki nionekane na wageni. Hata kikombe changu kiko peke yake, chini ya sinki."

"Uliwahi kuiona picha?"

"Mlango ukiwa wazi, nikipita."

Hapo Kiingereza kikamwishia. Akashika kichwa, akaanza kulia kwa Kiswahili. "Woi, bibi wa ukutani! Wewe uliyefanana na nyanya yangu mpaka rangi, si unitetee! Kila asubuhi nilikuwa nakuamkia, na leo umeninyamazia?"

Kalamu ya Yaslam ikasimama. Mpaka rangi?

Fridah alimgeukia, machozi yakimchuruzika. "Afande, sijui kama unanielewa. Kesho ni Ijumaa. Kila Ijumaa nampigia mama. Nisipopiga, atajua narudishwa kwa sanduku kama wale wasichana wengine waliofia huku. Nipe simu yangu dakika moja tu, asikie sauti yangu."

Yaslam alielewa kila neno. Alimwelewa kama alivyokuwa akimwelewa bibi yake.

Mishal akainua kichwa. "Anasema nini huyu?"

"Nitajuaje?" alijibu Yaslam. "Anasali, nadhani."

"Halas, basi," alisema sajini, akafunga jalada. Fridah akarudishwa mahabusu.

Ijumaa ikaja, ikapita. Yaslam alikula wali kwa wakwe zake, akachekeshwa, akacheka. Aliporudi nyumbani alivua kanzu mbele ya kabati, na macho yakamwenda juu yake. Pale juu palikuwa na kitu bapa kilichofungwa kwenye shuka kuukuu. Alikipandisha mwenyewe siku wakwe walipokuja kwake mara ya kwanza, na hajakishusha tena. Akazima taa ya chumba, akatoka.

Jumamosi alirudi Al-Hamra.

"Una nakala ya ile picha, Madam?"

"Mafi. Hakuna."

"Hata kwenye simu?"

"Nimesema mafi!"

"Marehemu alikuwa mtu wa wapi?"

Madam Nuha alirekebisha shela yake. "Wa hapahapa."

"Na Fridah aliingiaje humu?"

"Alifungua mlango, akaingia."

"Kwa ufunguo gani? Uliniambia funguo unakaa nazo wewe."

Mama wa watu akababaika. "Labda nilisahau kufunga. Wewe umekuja kunihoji mimi au kumfunga mwizi?"

Yaslam aliusogelea ukuta. Aliushusha ubao mpya, akaugeuza. Nyuma palikuwa na karatasi ya duka moja la Al-Dirah, Riyadh, yenye namba ya simu na tarehe ya oda. Akaisoma mara mbili.

"Madam, picha imepotea Alhamisi. Hii ya kuziba pengo imeagizwa siku kumi kabla, na imeenea alama ya ukutani barabara, haikupungua wala kuzidi. Ulijuaje kwamba utaibiwa?"

Yaslam akapiga ile namba palepale, akajitambulisha. Mwenye duka aliikumbuka kazi hiyo vizuri. Mteja alimtumia vipimo pamoja na picha ya ukuta, akitaka kitu cha ukubwa uleule. Baada ya dakika moja simu ya Yaslam ikalia, na ule ukuta ukafunguka kiganjani mwake.

Lo! Katika fremu ya fedha alikaa bibi kizee mweusi, pua pana, kidevu juu, mtandio umefungwa vilevile alivyoufunga bibi yake. Akamwonyesha Madam Nuha.

Madam alikaa chini taratibu. "Nilimtoa mimi," alisema.

"Kwa nini?"

"Jumatatu watu wa Riyadh wanakuja kumposa binti yangu. Watu wa ukoo, wanaouliza mpaka babu wa saba. Waingie humu wamkute yule anawatazama? Nilimsihi mume wangu miezi miwili amshushe. Akaapa mama yake hashuki. Basi nikasema ameibwa, yaishe."

"Na Fridah?"

"Angerudishwa kwao tu. Angekuja mwingine."

"Angefungwa, Madam."

Mwanamke aliinamisha uso. Kisha akauinua ghafla, umemwiva. "Usinitazame hivyo! Wewe na rangi hiyo umefikaje hapo ulipo? Bibi yako wewe yuko ukutani?"

Yaslam aliikumbuka picha ya bibi yake, ile iliyofungwa shuka juu ya kabati. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mwanamke yule aliiona.

Picha ilitolewa kwenye sanduku la nguo chumbani, imefungwa kwa blanketi la mtoto. Madam Nuha alitia sahihi maelezo yake.

Kituoni, Yaslam alimtoa Fridah mwenyewe. Sajini Mishal alikuwa mezani akinywa chai.

"Fridah, mwanangu," alisema Yaslam, kwa Kiswahili. "Huna kesi. Aliyeificha ni Madam. Chukua simu yako, mpigie mama."

Fridah alipigwa na butwaa. Alimtazama juu mpaka chini. "Kumbe unajua Kiswahili?"

"Najua."

"Hata juzi nilipokuomba?"

"Nilikusikia."

Hakumtukana, wala hakulia. Alichukua simu, akampa mgongo, akapiga. Ililia mara nne kabla ya kupokelewa. Nyuma ya aliyepokea zilisikika nyimbo za kanisa, sauti nyingi za wanawake pamoja.

"Ni nani? Ni wa ubalozi?" iliuliza sauti ya mama, imekauka. "Semeni tu. Tangu jana watu wako hapa kwangu, tunangoja mtuambie mwili unakuja lini."

"Mama, ni mimi," alisema Fridah. "Ni mimi mwenyewe. Niko hai."

Yowe lililotoka kwenye ile simu lilimfanya Mishal aweke kikombe chini.

"Bwana Inspekta," aliuliza polepole, "ile siku, huyu alikuwa anasali kweli?"

"Hapana," alisema Yaslam, asiweze kuinua macho. "Alikuwa ananiomba mimi."