Mchanga Ndani ya Risasi

Virgil Tackett alikuwa amelala chali mbele ya duka la vyakula vya mifugo, matundu mawili kifuani, bastola yake ya zamani ingali mkononi. Kofia ilikuwa imebingirika hadi chini ya toroli la magunia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wakati ambao nusu ya mji wa Sandy Fork, Oklahoma, huja kununua chakula cha kuku na kupiga soga.

Aliyemuua hakukimbia. Royce Mabry alikuwa ameketi juu ya tairi la akiba kando ya pikapu yake, mikono magotini, viganja wazi. Bastola yake alikuwa ameiweka juu ya boneti, mtutu ukielekea ukutani, risasi zimetolewa. Ndiye aliyewapigia simu polisi. Kila mtu mjini alimjua. Ni yeye aliyefundisha watu, katika ukumbi wa kanisa, namna ya kubeba bastola chini ya nguo, waende nayo kazini, sokoni na harusini bila mtu kugundua.

Inspekta Nadine Fixico wa ofisi ya sherifu aliinama chini ya utepe wa manjano. Sajini Curtis Roush alikuwa akimngoja.

"Kesi nyepesi hii, afande," alisema Roush. "Mzee kachomoa kwanza. Mashahidi wamejaa, na kamera ya duka iko juu ya mlango. Royce amejitetea, sheria iko upande wake. Tukimaliza mapema nitawahi mechi."

"Mechi itakungoja."

Fixico alivaa glavu, akaitoa bastola mkononi mwa marehemu, akaifungua silinda. Risasi sita, zote nzima. Moja ilikuwa na kibonyeo kidogo nyuma, pale nyundo ilipogonga.

"Alifyatua," alisema. "Haikulia."

"Risasi mbovu. Bahati ya Royce."

Fixico alizimwaga risasi kiganjani. Alizitia risasi katika mfuko wa ushahidi, akaandika juu yake: maabara. Kisha akamwendea Royce.

"Pole, Royce."

"Asante, Nadine. Samahani, Inspekta."

"Mlikuwa mmegombana?"

"Na Mzee Virgil? Hata kidogo. Alikuwa kama baba yangu. Ila siku hizi akili zilikuwa zinakwenda na kurudi. Nimemsalimu tu, kanichomolea."

"Ulimsalimu vipi?"

"Kama watu wanavyosalimiana. Za asubuhi, mzee."

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Alinitazama kama hanijui."

"Ukafanyaje?"

"Nilichowafundisha watu miaka yote hii."

Ndani ya pikapu, binti yake mdogo, Tess, alikuwa amejifunika koti la baba yake kichwani. Fixico aliagiza apelekwe kwa mama yake upesi.

Shahidi aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Hoyt Gentry, mfugaji mmoja mnene ambaye bado alikuwa na vumbi la pumba kwenye ndevu.

"Na wewe una bastola, Hoyt?"

"Nani hana? Yangu ilikuwa garini. Mke wangu hataki niingie nayo dukani. Anasema inavuta suruali, naaibisha ukoo."

"Ulisikia nini?"

"Tk. Kama mtu amebonyeza kalamu. Kisha kimya. Kisha, pa, pa."

"Kimya cha muda gani?"

"Mrefu, mama. Nilipata nafasi ya kujitupa nyuma ya magunia, na unaniona nilivyo. Mimi kulala chini tu ni safari."

Siku chache baadaye, Royce akiwa bado huru nyumbani kwake, mtaalamu wa silaha alipiga simu kutoka maabara.

"Nadine, hizi risasi nimezipasua. Hazina baruti."

"Zina nini?"

"Mchanga. Mkavu, safi, umechekechwa na kupimwa ili uzito uwe uleule. Na fataki za kuwashia baruti zimeuliwa kwa mafuta. Unaweza kuzigonga hadi Krismasi."

"Kwa hiyo si risasi mbovu."

"Mbovu wapi! Hii ni kazi ya fundi. Kuna mtu alitaka mzee abebe bastola isiyoweza kuua, naye asijue."

Fixico aliweka simu chini, akamwita Roush. Wakaitazama tena picha ya kamera. Haikuwa na sauti.

Virgil anatoka dukani akisukuma toroli. Royce anaondoka kwenye pikapu yake, anamfuata, anamwinamia sikioni. Midomo yake inacheza. Kisha anarudi kinyumenyume hadi mbele ya pikapu na kusimama. Mzee anatetemeka. Anafunua koti. Anachomoa. Watu wote wanajitupa chini, isipokuwa Royce. Anageuza kichwa kidogo upande wa mlango, kama mtu anayehesabu wageni. Ndipo mkono wake unapokwenda kiunoni.

"Salamu gani hiyo ya kunong'onezana?" alisema Roush.

"Tazama nyuma yake."

Nyuma ya Royce kulikuwa na kioo cha pikapu. Nyuma ya kioo, uso wa Tess.

"Curtis, una watoto."

"Wawili."

"Mtu akikuelekezea bastola, nao wako nyuma yako?"

Sajini alikuna shingo. "Nasogea. Hata kama ni kufa, nakufa nikisogea. Risasi inifuate mimi."

"Royce hakusogea."

"Labda aliganda kwa hofu."

"Aliyeganda hatazami watu."

Jikoni kwa Ardith Tackett meza ilikuwa imejaa vyombo vya chakula vilivyoletwa na majirani, vyote vimefunikwa kwa karatasi ya alumini, hakuna kilichoguswa. Mjane alikuwa akikunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Bi Ardith," alisema Fixico, "nani alitia mchanga kwenye risasi za mumeo?"

"Sijui unachosema, mwanangu."

"Bastola yake ilikaa wapi?"

"Mchana kiunoni, usiku chini ya mto. Tangu walipompora kwenye kituo cha mafuta akiwa kijana, hakuiacha. Hata siku ya harusi yetu niliisikia tulipokuwa tunacheza."

"Basi hakuna aliyeweza kuichukua isipokuwa wewe."

Taulo lilikunjuka.

"Mtanifunga?"

"Nani kakwambia utafungwa?"

"Royce. Alinipigia simu siku ileile ya kifo. Kasema nikifungua mdomo mtasema mimi ndiye niliyemuua Virgil, kwa kumnyang'anya ulinzi wake."

"Nieleze tangu mwanzo."

Ardith aliketi. Alieleza jinsi Virgil alivyomwelekezea mleta barua ile bastola, akidhani ni jambazi. Halafu siku moja akamwelekezea yeye, papo hapo jikoni, akimuuliza mke wake yuko wapi.

"Nikaificha," alisema. "Akapekua nyumba nzima akilia kama mtoto. Sikuweza kuvumilia, nikaenda kwa Royce. Akaniambia, mwachie abebe, mama. Mtu aliyezoea uzito ule kiunoni, ukimwondolea umemkata mguu. Akanitengenezea zile risasi. Nikamshukuru, nikampikia pai."

"Nani mwingine alijua?"

"Mimi, Royce na Mungu."

"Royce na mumeo walikuwa na ugomvi?"

"Hapana. Ila Virgil alikuwa akisema mambo. Ya jana yalimtoka, ya zamani yakarudi. Alikuwa akimlilia Dewey."

Fixico alimkumbuka Dewey Sloan kwa jina tu. Alikuwa kaka wa Janelle, mke wa Royce. Zamani, kabla Royce hajaoa, vijana hao wawili walikwenda na Virgil kuwinda kulungu. Dewey akarudi maiti. Ilisemekana aliteleza akiruka uzio, bunduki yake mwenyewe ikamfyatukia.

"Alisema nini juu ya Dewey?"

"Kwamba hakuteleza. Alilisema hadharani kwa kinyozi, na Royce yuko kiti cha pili. Watu wakacheka. Royce naye alicheka."

Walimkamata Royce alasiri, katika karakana nyuma ya nyumba yake. Kwenye rafu, kando ya mashine ya kujazia risasi, palikuwa na kopo la mchanga uliochekechwa. Hakubisha. Alinyanyua mikono na kusema bastola nyingine iko kiunoni kulia, waichukue taratibu.

Katika chumba cha mahojiano Fixico aliwasha kinasa sauti.

"Una haki ya kunyamaza. Una haki ya wakili."

"Naijua. Nawafundisha watu wasiseme neno bila wakili."

"Unamtaka?"

"Uliza tu."

"Ulitengeneza risasi za Virgil?"

"Ndiyo. Kumsaidia Ardith. Waulize wote, watakwambia nilimpenda yule mzee."

"Basi ulijua bastola yake haiui."

"Nilisahau. Nadine, mdomo wa bastola ukikutazama unasahau hata jina lako."

Lilikuwa jibu zuri. Wakili yeyote angelishika na kutembea nalo hadi mahakamani, na Roush, aliyeketi pembeni akiandika, alishusha pumzi. Fixico alitoa picha moja iliyokatwa kutoka kwenye kamera ya duka, akaiweka mezani: Royce amesimama, nyuma yake kioo, uso wa mtoto.

"Na huyu ulimsahau?"

Royce aliitazama, akaangalia pembeni.

"Unawafundisha watu jambo gani la kwanza?"

Royce aliigeuza picha kifudifudi.

"Hoyt Gentry alipita darasa lako. Anasema hukuwapa cheti hadi walijue kwa moyo. Jua aliye nyuma yako. Sasa nijibu moja kati ya mawili. Ama ulijua ile bastola ni chuma tupu, ama ulimfanya mwanao ngao."

"Nisingemweka Tess hatarini."

"Kwa hiyo?"

"Hata siku moja. Nisingeweza."

"Kwa hiyo, Royce?"

Royce alifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka.

"Nilijua. Andika."

Akaeleza. Siku ya mawindo alikuwa kijana, na alikuwa amekunywa. Wiski ilikuwa ya Virgil. Aliona majani yakitikisika, hakungoja kuona ni nini. Walipofika, Dewey alikuwa ameshakata roho. Virgil alikaa chini akalia, kisha akasimama na kusema amekwishakufa mmoja, hakuna haja ya kuzika wawili. Ndiye aliyembeba Dewey hadi kwenye uzio na kuilaza bunduki pale ilipopaswa kuwa.

"Nilikwenda nyumbani kwao kumfariji Janelle," alisema Royce. "Nilienda kwa hatia, Nadine. Nikaendelea kwenda. Halafu nikajikuta nampenda."

"Risasi za mchanga ulizitengeneza ili umuue Virgil?"

"Hapana. Naapa. Zile nilizitengeneza kwa wema. Hili la pili lilinijia kwa kinyozi. Nikalala nalo, nikaamka nalo. Jumamosi nilikwenda kununua chakula cha kuku, basi. Nikamwona anatoka peke yake, kamera juu, watu wamejaa. Nikajua mzee akichomoa tu, nimeshinda."

"Ulimnong'oneza nini?"

Royce alikitazama kinasa sauti.

"Nilimwambia nimetoka nyumbani kwake sasa hivi. Nimemuua Ardith."

Kalamu ya Roush ilisimama.

"Hakuna kingine ambacho kingemfanya achomoe mbele za watu," Royce alisema. "Alikuwa akisahau vyote, lakini Ardith hakumsahau. Wakati mwingine hakumtambua, lakini hakumsahau."

"Kwa nini, Royce? Kifo cha Dewey kilikuwa ajali. Miaka imepita. Jaji yeyote angekuhurumia."

"Sikumwogopa jaji. Nilimwogopa Janelle. Angejua kila usiku amelala na nani."

Fixico alizima kinasa sauti. Roush alimwongoza Royce hadi mahabusu, naye hakusema lolote la mechi.

Janelle Mabry alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani, mgongo wima. Alikuwa ametoka kumlaza Tess kwa dada yake; mtoto alikuwa amemaliza siku nzima bila kusema neno.

Fixico aliketi kando yake.

"Janelle, mumeo amekiri. Hakuwa akijitetea. Na kuna jambo jingine, linamhusu kaka yako."

"Kwamba Royce ndiye aliyempiga risasi."

Inspekta alikuwa amezoea kuwapa watu habari mbaya. Hakuwa amezoea kupewa.

"Nani kakwambia?"

"Mzee Virgil. Pasaka, tulipokuwa tunapanga viti kanisani. Alidhani mimi ni mama yangu. Alinishika mikono akaniomba radhi kwa ajili ya mwanangu, na kwa kumficha Royce."

"Hukumwambia Royce?"

"Nilitaka aniambie mwenyewe. Nililia peke yangu wiki nyingi, kwenye gari, ili asinione. Nilimchukia, kisha chuki ikaisha. Kila jioni naweka chakula mezani, nasema moyoni, leo atasema. Kuna siku alifungua mdomo kabisa. Akaomba chumvi."

Fixico aliinuka kuondoka. Kisha akauliza, ingawa halikuwa swali la kazi:

"Angesema, ungemjibu nini?"

Janelle alifunga mkoba wake, akausimamisha mapajani.

"Ningemwambia ale, chakula kinapoa."