Mkono wa Mbeleje

Kabla damu haijafutwa, jibu lilikuwa limekwisha kurudi.

Daktari Ndahani alipitisha glavu tambuzi juu ya mkono wa kulia wa Mbeleje, mwanamke fundi vyuma aliyebanwa na winchi kwenye mnara mpya wa ghorofa tisini katikati ya Dodoma. Glavu ilisoma mifupa, mishipa na nyama, ikapeleka habari kwa Kidai, mtambo mdogo wa kijivu uliotundikwa ukutani. Kidai kikaandaa ankara, kikaituma Hazina ya Majeruhi, kikaletewa idhini. Taa ya kijani ikawaka. Daktari akashika msumeno.

Mhandisi Siwema Chidawali alitazama yote hayo kutoka nyuma ya kioo. Alikuwa amekuja kukikagua Kidai, maana ndiye aliyekibuni. Zamani hospitali nyingi ziliwakwepa watu walioumia kazini, kwa kuwa ankara zao zilizungushwa maofisini hata mwaka ukapita. Baba yake mwenyewe, mponda kokoto, alifukuzwa mlango hadi mlango na mguu uliovunjika, mpaka ukaoza na kumuua. Siwema akaapa kwamba daktari hatauliza tena nani atalipa. Na kweli, tangu Kidai kianze kazi, hakuna majeruhi aliyerudishwa mlangoni.

Upasuaji ulipokwisha alimkuta Ndahani akinawa.

"Kiganja kilikuwa kimesagika kabisa, Daktari?"

"Hapana. Kilivunjika vibaya tu."

"Kingeunganika?"

Ndahani alifunga bomba. "Pengine. Mishipa ishonwe, apasuliwe tena na tena, halafu mazoezi ya muda mrefu."

"Sasa mbona umekata?"

"Mhandisi, ukikiomba Kidai ruhusa ya kukata na kuvika mkono wa chuma, idhini inakuja papo hapo. Ukiomba kuunganisha, kinasema ombi linachunguzwa. Mkono uliokosa damu haungoji uchunguzi. Mwanzoni nilikuwa nauliza. Nikangoja, mikono ikaoza, na kijana mmoja akafa. Siku hizi siulizi."

Siwema alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Hakuna aliyeandika amri kwamba watu wakatwe mikono. Kidai kilijifundisha chenyewe kutokana na ankara zilizopita: tiba ambayo mwisho wake unajulikana ilipita upesi, tiba ndefu ilikwama. Madaktari nao wakajifunza kwa Kidai.

Kiangazi chote alihangaika na wakubwa wa Hazina. Wengine walimwambia asiharibu kitu kinachofanya kazi. Hakuchoka. Mwishowe walikubali taa iwake kwa tiba zote mbili kwa pamoja, na uchunguzi ufanyike mgonjwa akishatibiwa. Haikupita muda, fundi bomba aliyelaliwa na nguzo akatoka hospitali na vidole vyake vyote. Ndahani alipiga simu kumpa Siwema habari hiyo, lakini akakata simu kabla hajamaliza.

Ndipo Siwema alipokwenda nyumbani kwa Mbeleje.

Mbeleje alimpokea kwa uchangamfu, akamtengea ugali wa uwele na mlenda. Mkono wake wa chuma ulishika sufuria ya moto bila kitambaa. "Naubebea hata gunia la saruji," alisema, akacheka kidogo. "Karibu, dada. Kula."

Siwema alisogeza sahani kando. Akaeleza yote, tangu taa ya kijani hadi yule fundi bomba.

Mbeleje aliugeuza mkono wa chuma, akautazama. "Daktari aliniambia hapakuwa na namna," alisema mwishowe.

"Namna ilikuwepo. Mtambo wangu ndio uliomfungia njia. Nisamehe, dada yangu."

"Kwa nini umekuja kuniambia?"

"Nilidhani ni haki yako kujua."

"Nilikuwa nimeshamwachia Mungu," Mbeleje alisema taratibu. "Nikajisemea, Yeye ndiye aliyetoa, Yeye ndiye aliyetwaa, nikapata usingizi. Sasa nimwachie nani?"

"Niachie mimi."

"Wewe?" Mbeleje alimtazama. Hasira haikuwepo usoni mwake, ulikuwepo uchovu tu. "Wewe utaondoka sasa hivi, dada. Mimi ndiye nitakayebaki na mkono huu."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Sechelela, bintiye mdogo, alitoka akilia, akajiegemeza magotini pa mama yake. Mbeleje akanyoosha mkono wa kulia, akauweka kwenye paji la uso la mtoto kama mama yeyote afanyavyo. Akautuliza pale, akingoja. Vidole vya chuma havikumwambia kitu.

Akauondoa polepole, akaweka wa kushoto.

"Anachemka," alisema, akamkumbatia mwanawe, na hakumtazama tena mgeni.